Usanifu wa Kurasa na Jalada kwa Anayejichapishia Kitabu: Njia Zipi Zinastahili Pesa Yako

Mwandishi anayejichapishia kitabu hununua huduma mbili kabla mashine haijawashwa: usanifu wa kurasa za ndani na ubunifu wa jalada. Mara nyingi huuziwa zote kwa pamoja kana kwamba ni kazi moja, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa kila kazi ina ujuzi wake na jalada haliwezi kukamilika kabla kurasa hazijakamilika. Nimezipanga hapa njia zilizopo, kuanzia ile ninayoipendekeza zaidi hadi ile ninayomsihi mwandishi aiepuke, nikichukulia kwamba kitabu ni cha maandishi matupu au karibu matupu: riwaya, hadithi fupi, tawasifu, mawaidha. Kitabu chenye picha na majedwali mengi kinabadilisha mpangilio huu, nami nitalieleza hilo mahali pake.

Vipimo kabla ya malipo

Usimlipe mtu yeyote kabla hujamchagua mchapaji na kupata vipimo vyake kwa maandishi: ukubwa wa kitabu kikishakatwa, aina na uzito wa karatasi, namna ya kujalidi, ziada ya kukatia pembeni, na aina ya faili analolipokea. Ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, ni nusu ya A4, hivyo hauachi mabaki mengi ya karatasi. Kitabu kinachobanwa kwa pini katikati lazima idadi ya kurasa zake igawanyike kwa 4. Kile kinachochapwa kwenye mashine kubwa na kuunganishwa kwa gundi mara nyingi hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, kwa hiyo kurasa chache zilizozidi zinaweza kukugharimu karatasi usiyoihitaji.

Unene wa mgongo ndio unaolifanya jalada lisubiri. Huduma ya kujichapishia vitabu ya Amazon, Kindle Direct Publishing, kwa mfano, hukokotoa inchi 0.0025 kwa kila ukurasa wa karatasi ya krimu na inchi 0.002252 kwa kila ukurasa wa karatasi nyeupe ya kitabu kinachochapwa kwa wino mweusi. Kwa hesabu hiyo, kitabu cha kurasa 200 kina mgongo wa milimita 12.7 kwenye krimu na takriban milimita 11.4 kwenye nyeupe. Kikiwa cha A5 na cha krimu, jalada lote likifunguliwa, yaani upande wa nyuma, mgongo na upande wa mbele, pamoja na ziada ya milimita 3 kila ukingo, lina upana wa milimita 314.7 na kimo cha milimita 216. Tofauti ya milimita 1.3 kati ya karatasi hizo mbili yaonekana ndogo, lakini inatosha kuusogeza mstari wa rangi uliopaswa kuishia kwenye kona ya mgongo ukatokeza upande wa mbele. Ndiyo sababu mbunifu anayekukabidhi jalada kamili kabla hujajua idadi ya kurasa, bila kukuuliza karatasi gani itatumika, hafai kupewa kazi ya chapa. Huduma hiyo hiyo, kwa taarifa, haichapi maandishi mgongoni mpaka kitabu kizidi kurasa 79; kijitabu chembamba hakina haja ya kulipiwa ubunifu wa mgongo.

Nafasi ya kwanza: kurasa uzipange mwenyewe, jalada umlipe mbunifu

Kwa kitabu cha maandishi matupu, hii ndiyo njia inayotoa thamani kubwa kuliko zote. Usanifu wa kurasa za nathari unaongozwa na kanuni ambazo mtu makini anaweza kujifunza na kuzifuata, ilhali jalada linahitaji jicho ambalo halipatikani kwa kusoma maelekezo.

Programu mbili zinatosha. Scribus ni programu huria isiyolipiwa, inafanya kazi kwa rangi za wino nne za uchapaji (samawati, majenta, njano na nyeusi) na inatoa faili la PDF/X, yaani PDF iliyoandaliwa kwa kanuni za uchapaji, ambalo wachapaji wengi hulitaka. Kasoro yake ni kuwa nzito pale maandishi marefu yanapounganishwa kupitia mamia ya kurasa, hivyo ni vyema kila sura iwe na mnyororo wake wa visanduku vya maandishi. Affinity, ambayo kampuni ya ubunifu wa mtandaoni ya Canva iliinunua mwaka 2024 na ambayo tangu mwishoni mwa 2025 hutolewa bila malipo, ni nyepesi zaidi kwa anayeanza, nami ningeichagua kabla ya Scribus. InDesign ya Adobe ndiyo inayotumiwa zaidi na wasanifu wa kulipwa, lakini inalipiwa kwa usajili, na sioni sababu ya kuinunua kwa ajili ya kitabu kimoja.

Vipimo vya kuanzia kwa A5 vinavyosomeka vizuri ni herufi zenye ukubwa wa pointi 11, umbali wa pointi 14 kutoka mstari hadi mstari, pambizo ya ndani ya milimita 20 na ya nje ya milimita 15. Mstari utabeba takriban herufi 60 hadi 65, kutegemea fonti, na huo ni urefu ambao jicho haliuchoki. Pambizo ya ndani isipunguzwe ili kuokoa kurasa, kwa sababu kitabu cha gundi hakifunguki hadi chini na maneno ya ndani humezwa na mkunjo.

Kinachowasumbua zaidi wanaoandika Kiswahili ni ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Maneno yetu ni marefu, na programu isipoyakata kabisa huacha mapengo meupe yanayoteremka katikati ya ukurasa. Ikiyakata kwa kanuni za Kiingereza hutoa vitu kama "anayekus-ubiri", mahali ambapo silabi zinataka "anayeku-subiri". Iambie programu kwamba lugha ni Kiswahili, kisha upange sura moja na kuipitia mstari kwa mstari. Ikiwa haina kanuni za silabi zetu, zima ukataji wa moja kwa moja na uweke vistari fichi (vinavyoonekana pale tu neno linapokatwa) kwa mkono pale tu palipo na pengo baya. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayokitofautisha kitabu kilichosanifiwa na mswada uliochapwa tu. Angalia vilevile alama ya ritifaa katika maneno kama ng'ombe na ng'ang'ania: iwe ya umbo moja kitabu kizima, na isigeuzwe kuwa alama ya kufungua nukuu.

Ukimaliza, chapa karatasi moja pande zote mbili na uinue mbele ya taa. Mistari ya upande mmoja inapaswa kulala juu ya mistari ya upande wa pili. Ikipishana, nafasi kati ya aya au vichwa vidogo haikupangwa kwa vizidisho vya umbali wa mstari, na weusi wa upande wa pili utaonekana kati ya mistari kila msomaji anapofungua ukurasa kwenye karatasi nyembamba.

Kwa upande wa jalada, mwombe mbunifu akuonyeshe majalada yake yaliyochapwa, uyashike mkononi. Picha ya kwenye skrini haikuambii kitu kuhusu wino. Rangi za skrini hupoteza mng'ao zinapogeuzwa kuwa wino nne, hasa buluu kali na kijani kinachong'aa, na mbunifu mzoefu atakuambia hivyo kabla hujauliza. Picha zifikie nukta 300 kwa inchi katika ukubwa halisi. Jalada la mfano wetu lingehitaji pikseli zipatazo 3,717 kwa 2,551. Uliza pia picha na fonti zimetoka wapi na kama leseni zake zinaruhusu kuuzwa kwenye kitabu, kwa kuwa mwenye jina kwenye jalada ndiye atakayedaiwa.

Nafasi ya pili: kulipia kazi zote mbili

Ikiwa kitabu kina majedwali, ramani, picha, tanbihi nyingi au mazoezi ya wanafunzi, njia hii inapanda hadi nafasi ya kwanza bila mjadala. Diwani ya mashairi nayo inaweza kuhitaji msanifu, hasa pale vina vya kati vinapotakiwa kusimama katika safu moja. Kwa riwaya ninaiweka ya pili kwa sababu ya gharama tu.

Mpe msanifu wa kurasa mswada uliokwisha kuhaririwa na kusahihishwa. Aya moja ikiongezwa baada ya kupangwa inaweza kusukuma mistari ya sura nzima, ikaacha mstari wa mwisho wa aya peke yake juu ya ukurasa na kubadilisha nambari katika yaliyomo. Malipo ya masahihisho ya namna hiyo ni haki ya msanifu, na mwandishi ndiye mwenye uwezo wa kuyaepuka. Kabla ya kukubaliana, mlipie asanifu sura moja peke yake. Kurasa kumi zinatosha kuonyesha kama anajali mapengo, vichwa vya kurasa na sura zinazoanzia mahali pamoja. Katika makubaliano yaandikwe wazi idadi ya awamu za masahihisho zilizomo ndani ya bei, na kwamba mwishoni utapewa mafaili ya asili pamoja na PDF. Asiyekubali kutoa mafaili ya asili anakufunga kwake kwa kila toleo litakalofuata.

Nafasi ya tatu: programu za vitabu zilizo tayari

Vellum, inayofanya kazi kwenye kompyuta za Mac pekee, na Atticus, inayofunguka kwenye kivinjari, hulipiwa mara moja na hutoa kitabu cha chapa na cha kielektroniki kwa pamoja. Mwandishi wa riwaya nyingi atafaidika nazo. Hata hivyo hazikupi uhuru wa kurekebisha mstari mmoja mmoja, na kwa Kiswahili uhuru huo ndio tunaouhitaji zaidi, kwa hiyo zijaribu kwa sura yako mwenyewe kabla ya kulipa.

Nafasi ya nne: Word au LibreOffice Writer

Kitabu kinachosomeka kinaweza kutoka humo, endapo utaweka ukubwa wa ukurasa kuwa wa kitabu tangu mwanzo, utatumia pambizo za kuakisiana, utatumia mitindo ya programu (styles) badala ya kubonyeza nafasi na kurudi mstari, na utahakikisha fonti zote zimeingizwa ndani ya PDF. Word haitoi rangi za wino nne, kwa hiyo kurasa za ndani ziwe nyeusi tupu, na jalada lisiguswe humo kamwe.

Nafasi ya tano: jalada la kiolezo

Canva na huduma zinazofanana nayo zinarahisisha kazi, lakini kiolezo kilekile kinaweza kuwa mikononi mwa mamia ya watu. Afadhali ununue jalada lililokwisha kubuniwa ambalo muuzaji anaahidi kwa maandishi kuliuza mara moja tu, kisha umlipe aliongezee mgongo na upande wa nyuma baada ya kurasa kukamilika. Upande huo wa nyuma uachiwe nafasi nyeupe ya msimbopau wa ISBN, nambari ya utambulisho wa kitabu yenye tarakimu 13. Kila umbo la kitabu linalopewa ISBN, la karatasi au la kielektroniki, linahitaji nambari yake.

Nafasi ya mwisho: kifurushi cha kila kitu

Kampuni inayokuahidi uhariri, usanifu, jalada, uchapaji na matangazo kwa bei moja ndiyo ninayoiweka chini ya zote. Huwezi kujua ni kiasi gani cha pesa yako kimekwenda kwenye kurasa na kiasi gani kwenye ahadi, humjui msanifu wako ni nani, na mara nyingi mafaili hubaki kwao. Ukilazimika kuitumia, dai kila huduma iandikwe na bei yake, na ukatae zile usizozihitaji.

Kwa njia yoyote utakayochagua, weka kando pesa ya nakala moja ya prufu, yaani ya majaribio, iliyochapwa kwa karatasi halisi, kwa mchapaji yuleyule. Isome yote ukiwa na kalamu, pima mgongo kwa rula, kunja jalada uone kama utando wa plastiki unabanduka, na ujaribu kusoma neno la mwisho lililo karibu na mkunjo bila kukilazimisha kitabu. Sehemu ya mwisho ya malipo ya msanifu na mbunifu ilipwe baada ya prufu hiyo kupita, na sharti hilo liwe kwenye makubaliano tangu siku ya kwanza.