Sindano ya kufumia soksi safarini: tazama kiungo kabla ya kulipa

Basi lilikuwa halijafika Witu waya ulipochomoka kwenye sindano. Nilikuwa nimetoka Mokowe na soksi ya pili mapajani, namfumia mwanangu anayesoma Limuru, maana baridi ya Julai ya kule si ya mtoto aliyekulia Amu, yaani Lamu. Kabla sijavikamata vitanzi, nusu yake vilikuwa vimeshafumuka hadi kisiginoni. Nilifika Malindi nimekumbatia mfuko, sina hamu ya kusema na mtu.

Sindano ile, ya vijiti viwili vifupi vilivyoungwa kwa waya mrefu, niliinunua mpya, ndani ya pakiti yake, kwa shilingi 650. Jina lake silitaji. Lakini ilinionya tangu siku ya kwanza nami nikaipuuza: pale waya unapoingia kwenye chuma palikuwa na mdomo mdogo, na kila uzi ukipita unashikwa.

Kwa hiyo leo siandiki habari za rangi wala vipochi vya zawadi. Kipimo chenyewe hakina mjadala mrefu: kwa uzi wa soksi wa kawaida, unene wa milimita 2.25 au 2.5, na urefu wa sentimita 80 hadi 100, ili nusu ya vitanzi ikae sindanoni na nusu ipumzike kwenye waya. Ninachotaka ukitazame ni kiungo, pale waya na kijiti vinapokutana.

Fanya hesabu nami. Soksi yangu ina vitanzi 64 na mizunguko kama 140. Katika kila mzunguko, kitanzi hupanda kutoka kwenye waya kwenda sindanoni, kikishafumwa kinarudi kwenye waya. Kinavuka kiungo mara mbili. Soksi moja tu, vitanzi vinavuka pale karibu mara 18,000. Ukiwa nyumbani umekaa kitako barazani, utasukuma kwa kidole gumba yaishe. Ndani ya basi linalorukaruka, mkono mmoja umeshika kiti cha mbele, kitanzi kikigoma unavuta, na ukivuta uzi unachanika au waya unang'oka.

Kukipima ni rahisi. Chukua mtandio wako wa shifoni uuburute taratibu juu ya kiungo, kwenda na kurudi. Ukishika hata uzi mmoja, irudishe sindano hiyo kwa mwenyewe. Kisha pitisha ukucha, halafu pinda waya palepale penye kiungo utazame kama pengo linafunguka.

Sasa sindano zenyewe, kwa mpango wangu. Ya kwanza: ChiaoGoo, ile ya waya mwekundu. Sifichi, hii ndiyo yangu. Inatengenezwa China, na jina lake kwa Kichina maana yake ni mwanamke fundi. Vijiti ni chuma cha pua, na kwa sisi tunaoishi na hewa ya chumvi hilo ni jambo kubwa. Amu kufuli linaota kutu, bawaba zinaota kutu, sindano ya chuma hafifu ikilala wiki moja mkobani inaacha doa la kahawia kwenye sufu nyeupe, na doa lile halitoki. Waya wake ni nyuzi za chuma zilizosokotwa na kuvikwa nailoni, kwa hiyo haujikunji kama mkia wa mjusi kila ukiutoa kwenye pakiti. Na kiungo, mashallah, mtandio unapita kama juu ya kioo. Soksi tatu nimeshafuma kwa sindano moja, ya nne iko njiani.

Ya pili: Addi, ya Ujerumani. Kampuni yake iko mji wa Altena tangu 1829, na kiungo chao kinajieleza. Sindano zao ziitwazo Turbo ni nikeli juu, shaba ya njano ndani, nazo zinateleza sana. Kwa mkono mwepesi ni raha, ila botini kati ya Amu na Mokowe, wimbi likipiga ubavuni, mimi nataka kitanzi kikae nilipokiacha. Ndiyo maana nimeiweka ya pili.

Ya tatu: KnitPro, ya India. Zile za mbao za rangirangi zinapendeza na hazitelezi, lakini kwa unene wa soksi mbao inataka adabu. Ukikalia mkoba umeivunja. Kwa safari chukua zao za alumini.

Mianzi ya bei rahisi inayouzwa kwa mafungu sina mengi ya kuisema. Jasho linaifanya ing'ang'anie uzi, na kiungo chake kinakwaruza.

Mtaniuliza, kwa nini si zile sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili, walizofumia mama zetu? Hazina kiungo, kweli. Lakini ikikuponyoka moja botini inapita kati ya mbao hadi ngamani, na hakuna nahodha atakayekufungulia sakafu ya chombo kwa ajili ya kijiti.

Sasa wauzaji. Wengi hawakubali ufungue pakiti. Nitakijuaje kiungo ndani ya plastiki? Kitambaa tunakikunjua, embe tunalinusa, sindano ndiyo tuinunue gizani?

Na hizi namba. Nilimpigia muuzaji mmoja Mombasa, akasema ana namba 2. Kwa Marekani namba 2 ni milimita 2.75, kwa namba za zamani za Uingereza ni milimita 7, ya kufumia blanketi. Nikamuuliza ni ipi, akajibu namba 2 ni namba 2. Nikatuma pesa, nikalipia parseli ya basi hadi Mokowe, nikalipa na boti. Kufungua, nene kama kidole changu cha mwisho! Na nikitaka kuirudisha, gharama zote hizo ni zangu tena, kwa sababu ya mtu aliyeshindwa kusoma milimita zilizoandikwa nyuma ya pakiti.

Siku hizi, kabla ya kutuma hata shilingi, naomba picha mbili: sindano imelazwa kando ya rula, na kiungo kimepigwa kwa karibu kabisa. Muuzaji asiyetuma picha, nami simtumii pesa.