Chaguo la raundi ya saba: wa ligi ya vijana au wa chuo?

Drafti ya NHL, yaani zamu za timu za ligi kuu ya magongo ya barafu Amerika Kaskazini kuchagua vijana, ina raundi 7, na wengi wanaochukuliwa mwishoni huishia njiani. Ukitaka kumpima mmoja wao, anza na mahali anapokuzwa.

Kijana wa CHL, ligi za vijana za Kanada, hucheza mechi 64 hadi 68 kwa msimu kabla ya mtoano, kwa hiyo safari na uchovu anavizoea mapema. Takwimu zake ndizo za kutiliwa shaka, maana mwenye miaka 19 anawafungia watoto wa 16. Zichambue (pointi ni mabao pamoja na pasi za mabao): toa alizopata wapinzani wakiwa pungufu kwa mchezaji aliyetolewa kwa kosa, toa na za pasi iliyotangulia ile ya mwisho kabla ya bao. Kinachobaki ndicho chake. Mark Stone, chaguo la 178, raundi ya sita, mwaka 2010, hakusifika kwa kasi barafuni, lakini msimu uliofuata alipata pointi 106 katika mechi 71 akiwa Brandon, timu ya CHL. Pointi nyingi kiasi hicho huzipuuzi.

Wa chuo, Marekani, hucheza karibu nusu ya mechi hizo, hasa Ijumaa na Jumamosi. Katikati ya wiki anabeba vyuma. Anakabana na wanaume wa miaka 22 na 23, hivyo pointi 20 za mwaka wa kwanza si haba. Joe Pavelski, chaguo la 205 mwaka 2003, alipitia chuo cha Wisconsin.

Tangu Agosti 2025 vyuo vinapokea waliotoka CHL. Akihama, pointi zitashuka, usimfute. Tazama kama kocha anamwingiza timu yao ikiwa pungufu, dakika za mwisho, wakiongoza kwa bao moja.