TAHADHARI: Anayeuza picha za Mount Gelai ni tapeli, msimtumie hata senti

Ndugu zangu wa reli, naandika mikono ikitetemeka kwa hasira. Yule mwenye sanduku la picha za zamani za injini za mvuke za reli, niliyewaambia wiki jana kwamba hatimaye nimempata, ni mwizi. Amenila shilingi 18,500.

Ilikuwa Jumanne usiku, saa tatu hivi. Picha ikaingia kwenye simu: imelazwa juu ya meza ya mbao, pembe moja imekunjika, kando yake kikombe cha chai, na kidole gumba cha mtu kimeibana isipeperuke. Kibao ubavuni mwa injini kinasomeka bila shida, MOUNT GELAI. Injini namba 5918 yenyewe! Mnajua marehemu baba yangu aliifanyia kazi injini ile, na mnajua nimeitafuta picha yake ikiwa kazini tangu siku tulipomzika. Akaniandikia: "Pole kwa mzee, kaka. Baba yangu naye alikuwa karani wa reli hapo Changamwe. Nyumba inauzwa, na mjomba anataka kuzichoma hizi karatasi." Kuzichoma! Nani kati yenu angepata usingizi?

Na msiniambie sikumpima. Nilimuuliza injini za daraja la 59, yaani aina ya Mount Gelai, zilikuwa ngapi, akajibu 34, kazi ya Beyer Peacock wa Manchester, za kwanza zikaja 1955. Nikamtega kwa kutaja makaa ya mawe, akanisahihisha papo hapo: "Zile zilikuwa zinachoma mafuta, kaka." Alijua zote zilipewa majina ya milima. Alijua 5930 ni Mount Shengena. Mtu wa namna hiyo utamshuku vipi? Halafu akasema kuna mteja Uingereza anayetoa mara mbili, ila yeye anataka zibaki kwa watoto wa reli. Hapo ndipo nilipotuma pesa. Picha 24, pamoja na modeli ya shaba ya Garratt, yaani injini ya aina hiyo hiyo.

Mzigo ulifika Ijumaa kwa basi. Modeli hamna. Ndani ya bahasha mna karatasi kumi na moja. Nikalowesha kidole mate, nikasugua pembeni, wino ukatoka ukanibaki kidoleni. Ni za printa! Nikachukua lenzi ya marehemu mzee nikaitazama ile ya Mount Gelai: nyuma ya tangi la maji kuna mnara wa simu. Ni injini ya pale makumbusho ya reli Nairobi, ile ile tunayowapandisha watoto wetu, imeondolewa rangi ikafanywa nyeusi na nyeupe. Mgongoni ameandika kwa penseli, "Voi 1952". Mwaka 1952 Mount Gelai ilikuwa haijaundwa! Yale majibu yote alikuwa akiyasoma mahali.

Nilimpigia mara tisa. Ya kumi nikakuta ameshanifungia.

Mtu anayechezea jina la baba wa mwenzake aliyekufa hastahili kuachwa. Akamatwe, arudishe kila senti, afungwe, na kila anayekusanya picha za reli kuanzia Mombasa hadi Kampala aijue sura yake. Wazee wetu waliungua mikono kwenye zile injini, huyu anakuja kuwauza kwa karatasi za printa. Hapana. Safari hii hatunyamazi kama tulivyonyamaza kwa yule tapeli wa taa za stesheni.

Mniwie radhi, hasira. Dalili za kumtambua ni hizi. Jina lililotokea nilipotuma pesa halikuwa lile alilonipa. Niliambiwa ni la shemeji yake. Alikataa kupiga simu ya video. Mgongo wa picha hakuonyesha hata mmoja, na mimi sikuomba, jambo ambalo linaniumiza mpaka sasa kwa sababu ndilo la kwanza ninalowafundisha vijana wetu. Pia ana haraka, kila baada ya saa moja anauliza umefikia wapi.

Jumatatu asubuhi napeleka bahasha polisi. Kama nawe umetumiwa ile picha yenye kikombe cha chai, nitafute kabla ya hapo tuandikishe pamoja.