Chuo cha umeme ambacho mega yake inakaa kabatini

Nianze na jibu nililopewa na dada wa dirisha la mapokezi pale chuoni: "Baba, kwani kijana wako anakwenda kuajiriwa TANESCO?"

Swali langu lilikuwa dogo, tena nimelitoa kwa adabu: kwa nini wanafunzi wa mwaka wa pili wa umeme wa majumbani hawajawahi kushika mega, kile kifaa cha kupima kama ganda la waya linavujisha umeme? Mega ipo. Inaonekana kupitia kioo cha kabati la ofisi, waya zake bado zimefungwa kwa ile nailoni ya dukani. Na dada yule ajue kwamba TANESCO mambo yao yanaishia kwenye mita. Kuanzia mein swichi kwenda ndani ni kazi ya hawa hawa vijana anaowacheka. Nyumba ikiungua, haulizwi aliyevuta nguzo.

Mimi umeme ndio unaonilisha, kwa hiyo hapa sidanganyiki. Wanafunzi wanapewa malta mita, kile kipimo cha kawaida cha umeme, na kuambiwa inatosha. Haitoshi. Malta mita inapima ukinzani kwa volti chache za betri yake. Waya uliochubuliwa na msumari ndani ya paipu utasoma safi kabisa, kisha ukipitishiwa volti 230, na ukuta umeloa mvua, breka inaanguka usiku na hakuna anayejua kwa nini. Mega inasukuma volti 500, ndiyo maana inaufichua ugonjwa mapema. Kipimo cha chini kinachokubalika ni megaohmu 1, lakini saketi mpya ikisoma 2 au 3 mimi siondoki. Waya mpya mkavu husoma mamia.

Na si suala la kubonyeza kitufe tu, ndiyo maana linahitaji kufundishwa. Unazima mein swichi na kuhakikisha saketi imekufa. Unatoa balbu zote, unachomoa friji, televisheni na chaja, unaziondoa dima (swichi za kupunguza mwanga) na taa za LED zenye vifaa vya kielektroniki. Swichi za taa unaziacha zimewashwa, la sivyo waya wa kutoka swichi kwenda taa haupimwi. Kisha unapima laini (waya unaoleta umeme) kwa ethi (waya wa ardhini), nyutro (waya wa kurudisha) kwa ethi, laini kwa nyutro. Kama kuna kifaa cha kielektroniki kisichotoka, unaunganisha laini na nyutro pamoja, unapima dhidi ya ethi tu. Anayesahau balbu moja atasoma karibu na sifuri kati ya laini na nyutro, aamini waya umekufa, na kesho yake anabomoa plasta ya mtu bure. Nimeshaitwa kurekebisha kazi za namna hiyo, na vyeti wanavyo.

Ethi ndiyo kichekesho kabisa. Wanafundishwa kubonyeza kile kitufe cha kujaribia kwenye RCD, ile breka inayokata umeme unapovuja, ikianguka wanaandika "ethi nzuri". Kitufe kile kinaijaribu RCD yenyewe. Hata fimbo ya ethi isipokuwepo, itaanguka vilevile.

Karakana nayo nimeitazama. Mbao za mazoezi zipo, lakini waya wa 1.5 unaotumika umekatwa na kuunganishwa upya na kila darasa lililopita mpaka vipande vimekuwa vifupi kama vidole, shaba nyeusi, ncha zimechubuliwa na meno ya koleo. Ncha iliyochubuliwa hukatika ukikaza skrubu, au inabaki nyembamba na kupata moto. Kijana anajifunza kukaza nusu nusu ili isikatike, na mkono ukishazoea hivyo, atakaza hivyo hivyo kwenye soketi ya jiko. Na ada ya vifaa inalipwa kila muhula!

Nilitaka kuishia hapa na kusema msipeleke watoto. Ila haki ni haki. Kuna mwalimu mmoja wa vitendo pale, sijui wanamlipa nini, anayefundisha kupinda paipu kwa springi vizuri kuliko mafundi wengi wenye leseni ya EWURA. Paipu ya milimita 20 inapindwa polepole juu ya goti, unazidisha kidogo kwa sababu itarudi, na springi unaifunga kamba ili isibaki ndani. Wanafunzi wake hawatoi paipu iliyobonyea. Kwa paipu na kuchora mifereji ukutani, chuo hiki kinawazidi vingine vikubwa ninavyovijua. Usajili wa NACTVET pia wanao, si chuo cha mfukoni.

Basi nasema hivi: mwaka wa kwanza mpeleke. Mwaka wa pili… hapana, hata sijui. Mwaka wa pili ndio wa kupima, kutafuta hitilafu na kukabidhi kazi, na hivyo ndivyo vilivyofungiwa kabatini. Ukienda kuuliza nafasi, usitazame kompyuta za mapokezi. Omba mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili akupimie saketi moja mbele yako, utazame kama ataanza kwa kutoa balbu.

Nilipoomba hivyo mimi, niliambiwa mwenye funguo ametoka. Wakati huohuo dirisha la pili walikuwa wanamrudisha binti mmoja nyumbani kwa sababu hajaleta rimu ya karatasi.