Fundi wa umeme aliyetufanyia nyumba ya bimkubwa Bububu, Unguja, nampa nyota nne

Kabla sijamsifu huyu kijana mujue kwanza nyumba ilikuwaje. Bimkubwa ana vyumba viwili vya zamani vya mawe na chokaa, na huku nyuma tuliongeza vitatu vya matofali ya saruji, sasa aliyetufanyia waya wakati ule (simtaji, tushasameheana) alichukua ule waya bapa akaupigilia ukutani akaufunika na plasta, bomba la kupitishia waya hakuna hata moja, na kibaya zaidi alikuwa anakata njia ya mkato, kutoka swichi ya mlangoni kwenda soketi ya kitandani waya umepita mshazari kama mtu anawahi daladala. Nani angejua? Plasta ishapigwa, rangi juu yake, ukuta unang'ara. Mpaka siku mbili kabla ya Idi ndugu yangu anatundika saa, msumari ukaenda moja kwa moja kwenye waya, paa! nyumba giza na ukuta unanuka plastiki. Wallahi alikuwa kavaa ndala za mpira tu Mungu akamstiri. Toka hapo kila masika ukiugusa ule ukuta unakutekenya vidole.

Basi tukasema waya wote upya. Huyu kijana wa Fuoni tumempata kwa jirani, na siku ya kwanza hakushika hata nyundo, kaja na chaki na pima maji anachora kuta tu, kila soketi na kila swichi mstari wake umesimama wima mpaka darini. Bimkubwa akamuuliza, "Mwanangu mbona unazunguka huko juu na pale ni karibu?" Akamwambia, "Mama, likienda wima hata mtu wa miaka ishirini mbele akiiona soketi atajua waya uko juu yake, msumari wake ataupiga pembeni." Bimkubwa akanitazama. Mie nikatazama dirisha.

Ule waya wa zamani haukutoka hata, umegandana na plasta, ikabidi aukate ncha zote auache umekufa humohumo. Hapo ndo nikaelewa raha ya bomba, kwamba waya ukiharibika unauvuta unatia mwengine na ukuta hujaugusa.

Kuchimba nako ana hesabu zake. Tofali la inchi 6 mfereji wa wima usipite thuluthi, inchi 2, na wa mlazo usipite sudusi, inchi 1 tu, ukizidisha unaudhoofisha ukuta. Nikamwambia fundi unachimba ukuta au unagawa mirathi, akacheka mpaka akakaa chini. Mabomba 20 mm karibu kote, 25 mm pale yanapopandia kutoka boksi la breka. Dukani Mwanakwerekwe alikuwa analibonyeza kila bomba kwa kidole gumba, laini analirudisha, muuzaji kanuna lakini hakuna neno. Kukunja anatumia springi, hatii moto, ukilichoma linajibonyeza pale kwenye kona na waya haupiti. Na kona hazizidi mbili mpaka ufike boksi, zikizidi unavuta mpaka waya unachubuka.

Vile vyumba vya zamani grinda hakuitumia, katia tindo ndogo taratibu, jiwe huku jiwe kule, siku nzima ukuta mmoja. Na kuziba akataka chokaa na mchanga, saruji kaikataa katakata, anasema ule ukuta una unyevu wake unataka pa kutokea, ukiuziba na saruji plasta itavimba ibanduke. Maboksi nayo yote ya plastiki, ya chuma huku pwani chumvi inayala.

Kabla ya plasta akaniambia tandaza futi ukutani upige picha kila ukuta. Nimewatumia ndugu zangu wote, hasa yule wa saa.

Kilichonimaliza ni hiki. Mabomba yalipigwa plasta yakiwa matupu, ndani kuna kamba ya kuvutia tu, plasta ilipokauka ndo akavuta nyaya, na kila bomba ananiita nishike ncha nivute nione inakwenda. Bomba moja la jikoni likagoma, kizibo cha karatasi alichokitia mdomoni mwake kilitoka na plasta ikaingia ndani. Hajasubiri kuambiwa, kapasua mwenyewe kaweka jengine na fundi plasta kamlipa yeye. Wangapi wanafanya hivyo?

Taa ni nyaya za milimita mraba 1.5 na breka ya ampia 10, soketi 2.5 na breka ya 20, na kaweka ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, kamfundisha bimkubwa kubonyeza kile kitufe cha kujaribia. Sasa anakibonyeza kila mgeni akija.

Bei yake anahesabu kwa pointi, yaani kila taa, swichi au soketi, kwetu 15,000 kila moja, pointi 38, jumla 570,000 mbali na vifaa. Ghali kuliko yule wa mwanzo, tena sana. Umeme tulikaa siku nne hatuna, bimkubwa wala hakulalamika, anasema sie tuliokaa giza toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 laini ya kutoka bara ilipoharibika siku nne ni nini.

Nyota ya tano nimemnyima kwa uchelewaji, akisema saa mbili asubuhi mngojee saa nne, na katikati ya kazi alipotea siku mbili kwenye harusi simu haipokei. Na vumbi la grinda jamani! Ukimchukua mwambie mapema aje na turubai, bimkubwa mpaka leo anafuta vikombe vyake vya kabatini.