Mkate Usio na Chumvi: Mlo wa Mchana katika Mgahawa wa Kijijini, Toscana

Mwezi wa Oktoba, tukiwa safarini kusini mwa mji wa Siena, mkoani Toscana nchini Italia, mimi na mke wangu tulikula chakula cha mchana katika mgahawa mdogo wa kijijini wenye meza nane tu, ndani ya bonde la Val d'Orcia, karibu na mji mdogo wa Pienza. Kuta zake ni za mawe yasiyopigwa lipu, viti havifanani, na menyu nzima imeandikwa kwa chaki kwenye ubao mmoja ambao mhudumu huubeba kutoka meza moja hadi nyingine. Siku ile ubao ulikuwa na vyakula sita. Nilifurahi kuuona, kwa sababu jiko dogo linaloahidi vyakula arobaini haliwezi kuvipika vyote vikiwa vipya.

Tulifika saa sita na nusu, jiko lilipofunguliwa, na ninawashauri wengine wawahi vilevile. Saa nane na nusu jiko hufungwa hadi jioni, na wageni waliofika wakati sisi tunamalizia waliondoka bila kula.

Kilichotangulia mezani ni mkate. Mkate wa kienyeji wa Toscana hautiwi chumvi kabisa, na nilipoumega na kuuonja mtupu nilidhani mpishi amesahau. Nilikuwa karibu kumwita mhudumu nilalamike. Likaja jibini la maziwa ya kondoo, pecorino, ambalo Pienza inasifika kwalo, lililokomaa hadi likawa kali na lenye chumvi ya kutosha, na papo hapo mkate uleule niliouona hauna ladha ukawa ndio unaolifanya jibini lile lilike. Mkate huohuo tuliukuta tena ndani ya ribollita, supu ambayo jina lake maana yake ni "iliyochemshwa tena": maharage meupe, majani ya kabichi nyeusi na mkate uliolala, vyote vikapikwa hadi supu ikawa nzito kama uji, kisha ikamiminiwa mafuta ya zeituni mabichi yenye uchungu mwepesi unaobaki kooni. Sijapata kula supu ya maharage iliyonishibisha na kunipendeza kwa pamoja namna ile.

Baadaye tulikula pici, tambi nene za eneo la Siena zinazotengenezwa kwa unga wa ngano na maji. Kutoka mezani petu, kupitia mlango wa jiko uliokuwa wazi, tulimwona bibi mmoja akiziviringisha kwa viganja juu ya ubao, uzi mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Hazikuwa na unene sawa, hivyo kila tonge lilikuwa na sehemu laini na sehemu ya kutafuna. Mchuzi ulikuwa wa nyanya na aglione, kitunguu saumu chenye vidole vikubwa na ladha ya upole, na uliobaki sahanini niliufuta wote kwa mkate. Mhudumu alikuwa ameshaujaza mkate kapuni mara mbili bila kuombwa.

Lawama yangu ni juu ya bei. Ubaoni, nyama ya ng'ombe ya kuchoma iliandikwa euro 5 bila maelezo, nasi tulipouliza ndipo tukaambiwa kwamba bei hiyo ni ya kila gramu 100, na kwamba kipande kimoja hufikia kilo nzima. Mgeni asiyeuliza angeshtuka vibaya. Vilevile, ada ya meza na mkate, iitwayo coperto, euro 2.50 kwa kila mtu, haikuandikwa popote ingawa iliingizwa kwenye bili. Jumla tulilipa euro 48 pamoja na maji, kwa fedha taslimu, kwa kuwa kadi hazipokelewi.

Nimetoa nyota nne kati ya tano, na ya tano nitaitoa siku ubao ule utakapoonyesha uzito wa nyama na ada ya meza.