Fundi wa kwato aliyekiona kisigino cha Malaika

Nimekuwa saisi huku Karen, Nairobi, kwa miaka 14, na mafundi wa kwato niliowashikia farasi ni wengi. Huyu ndiye wa kwanza aliyeniambia nichuchumae kando yake. "Mzee, achana na kiatu kwanza. Tazama kisigino."

Farasi ni Malaika, jike la miaka 11. Tangu mwezi wa pili alikuwa akijikwaa kwenye kokoto, hatua za mbele zimekuwa fupi, na ukimzungusha mahali padogo anasita. Fundi wa awali alisema ni bega. Nililikanda bega lile wiki tatu, asubuhi na jioni, na halikuwa na kitu.

Huyu mpya hakugusa mguu hadi nilipomtembeza Malaika kwenye saruji, kwenda na kurudi, yeye ameinama karibu uso uguse chini. Farasi mzima akitembea, kisigino hutangulia kugusa ardhi, au ukwato wote hutua pamoja. Malaika alitanguliza ncha ya mbele ya ukwato. Alikuwa anakikwepa kisigino kwa sababu kinamuuma, na mimi niliyemwongoza kila siku sikuwa nimeliona hilo. Liliniuma sana.

Kisha akaegemeza tupa mbele ya ukwato kupima mwinamo, akaihamishia nyuma kwenye kisigino. Miinamo hiyo miwili inatakiwa ikaribiane. Kisigino kikilala kuliko mbele kwa zaidi ya digrii 5, basi kimeanguka. Cha Malaika kilikuwa kimelala kama nyasi zilizokanyagwa. Ncha ikiachwa irefuke huvuta ukwato mzima mbele, kisigino kinafuata, uzito unakiponda. Viatu vyake navyo vilikuwa vifupi, vinaishia kabla ya mahali mguu unapohitaji kuegemea. Na sisi, ili kubana matumizi, tulikuwa tunangoja wiki 10 kabla ya kuita fundi. Hilo ni letu, si la mtu mwingine.

Akaugeuza mguu, akaonyesha ile pembetatu laini kama mpira iliyo katikati ya unyayo. Nyuma yake panatakiwa pawe na bonde pana la kina kifupi. Kwa Malaika palikuwa na ufa, chuma cha kuchokolea kwato kikazama, kikatoka na uchafu mweusi wenye harufu ya kuoza. Masika yote alisimama kwenye tope. Tukasafisha, tukabana mle pamba iliyochovywa kwenye maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu, nikabadilisha maranda yote bandani siku hiyohiyo.

Nilichompendea zaidi ni kwamba hakuahidi miujiza. Ukwato hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo kisigino kipya kinangojwa, hakichongwi kwa siku moja. Akamwambia pia mama mwenye farasi amwite daktari wa mifugo apige picha ya eksirei, kwa kuwa nyuma ya ukwato kuna mfupa mdogo ambao tupa haiwezi kuuona.

Amekuja mara tatu sasa, kila baada ya wiki 5. Chini ya nywele ukwato mpya unashuka wima zaidi, unauhisi ukipitisha kidole. Malaika anatua ukwato mzima. Kisigino bado hakitangulii, lakini kokoto za getini anazipita bila kusita.

Nampa nyota 4. Ya tano nimeizuia kwa sababu mara mbili alichelewa karibu nusu siku bila kutoa taarifa, na farasi aliyefungwa akingoja huchoka. Bei ni shilingi 3,500 kukata bila viatu, ghali kuliko tuliyozoea, ila kazi inaonekana.

Simu hapokei akiwa kazini, mtumie ujumbe. Mwandalie sehemu ngumu iliyo tambarare, kwato ziwe kavu, na usizipake mafuta siku hiyo, maana tupa huteleza.